Heshima kwa Watumishi wa Miji na Kaunti: Nani Huistahili, na Jinsi Inavyoombwa

Soko la Masara liko Suna Magharibi, katika Kaunti ya Migori, kwenye nchi ya wakulima, wafanya biashara na wachimbaji wadogo wa dhahabu. Mtu akisimama hapo siku ya soko na kuwauliza wapitao jina la gavana, atajibiwa mara moja. Akiuliza jina la mbunge atajibiwa vile vile, na pengine ataambiwa na mambo mengine ambayo hakuyauliza. Lakini akiuliza ni nani aandikaye hesabu ya ushuru wa soko, ni nani apangaye zamu za wazoa taka, au ni nani aliyetia sahihi ili mtaro uzibuliwe kabla ya mvua za masika, wengi watatazamana tu. Kazi hizo zina wenyewe. Wako waliozifanya miaka ishirini na zaidi, wakiwaona wakubwa wa kuchaguliwa wakija na kuondoka, wakastaafu siku moja na kurudi nyumbani bila hata neno la asante kutoka kwa watu waliowatumikia.

Somo hili lahusu watu hao. Laeleza kazi yao ni ipi, jinsi watu wa namna yao walivyoheshimiwa zamani na wanavyoheshimiwa sasa, na njia ambayo mwananchi ye yote, hata asiye na cheo, aweza kuifuata ili jina la mtumishi aliyestahili lifike mahali panapohusika.

KAZI ZAO NI ZIPI

Kwanza yafaa kutenganisha vyeo, maana watu wengi huvichanganya. Chifu na msaidizi wake, naibu kamishna wa kaunti na kamishna mwenyewe, wote hao ni watumishi wa serikali ya taifa. Wao huangalia amani, hueleza amri za serikali na kuratibu kazi za wizara. Tangu mwaka 2013 kuna safu nyingine kando yao, ambayo ni ya serikali ya kaunti. Juu ya safu hiyo yuko katibu wa kaunti, ambaye Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 yamtaja kuwa mkuu wa utumishi wa umma katika kaunti na mtunza kumbukumbu za baraza la gavana. Chini yake wako wasimamizi wa kaunti ndogo, kisha wasimamizi wa wadi, na sheria hiyo hiyo yataja pia wasimamizi wa vijiji.

Miji ina mpango wake. Sheria ya Miji na Majiji ya mwaka 2011 yasema kwamba manispaa itaongozwa na bodi, na bodi itakuwa na meneja ambaye hutekeleza maazimio yake siku kwa siku. Meneja hachaguliwi kwa kura. Huajiriwa kwa kushindana na wengine, na hutakiwa awe na elimu ya chuo kikuu na uzoefu wa miaka mingi katika kazi ya uongozi. Migori ni mji wa namna hiyo, na Homa Bay iliyo kando ya Ghuba ya Winam ni mji wa namna hiyo pia. Meneja ndiye apaswaye kujua kila asubuhi kama lori la taka limetoka, kama taa za barabarani zinawaka, na kama fedha zilizokusanywa jana zimefika benki.

Ukubwa wa kazi yenyewe waweza kupimwa kwa hesabu. Katika sensa ya mwaka 2019 Kaunti ya Migori ilikuwa na watu 1,116,436 na Homa Bay watu 1,131,950. Kila moja ina kaunti ndogo nane na wadi 40. Hospitali za kaunti, zahanati, barabara ndogo, masoko, leseni za biashara, shule za chekechea, maji na uzoaji wa taka, yote hayo Katiba ya mwaka 2010 imeyaweka mikononi mwa kaunti. Gavana hawezi kuyafanya kwa mikono yake miwili. Yeye husema nini kitakachofanywa, na watumishi hawa ndio wanaokifanya kitendeke, au wanaokiacha kilale katika jalada.

TANGU KARUNGU HATA LEO

Kazi ya kuendesha wilaya si ngeni katika nchi hii. Mwanzoni mwa karne ya ishirini kituo cha serikali ya Kiingereza cha sehemu hizi kilikuwa Karungu, kwenye pwani ya Ziwa, kabla ya makao kuhamishiwa Kisii. Sheria ya mwaka 1902 iliweka wakuu wa vijiji, na ile ya mwaka 1912 ikawapa machifu mamlaka ya kutoa amri juu ya njia, pombe, usafi na kazi. Kwa Kijaluo chifu aliitwa ruoth, jina ambalo tangu kale lilikuwa la mtu aliyekubaliwa na watu wake. Serikali ililitumia jina hilo hilo kwa mtu aliyekubaliwa na Bwana D.C., na tofauti hiyo wazee waliiona.

Mwaka 1924 sheria ilibadilishwa ili kila wilaya iwe na baraza la wenyeji, lenye uwezo wa kutoza ushuru wake na kuutumia kwa shule, njia na zahanati. Mwaka 1950 mabaraza hayo yakawa halmashauri za wilaya za Waafrika. Hapo ndipo kazi ya karani mkuu wa halmashauri ilipoanza kuwa kubwa, maana sasa kulikuwa na makisio ya mapato na matumizi ya kutayarishwa, wafanya kazi wa kulipwa mishahara, na wajumbe waliotaka kueleweshwa kwa nini shilingi fulani haiwezi kutumika mara mbili.

Katika South Nyanza jina linalokumbukwa sana katika kazi hiyo ni la Paulo Mboya. Alikuwa mchungaji katika kanisa la Waadventista Wasabato kabla ya kuwa chifu wa Karachuonyo, nchi ambayo leo imo katika Kaunti ya Homa Bay. Mwaka 1938 alitoa kitabu chake kiitwacho Luo Kitgi gi Timbegi, juu ya desturi za Wajaluo, ambacho kimesomwa na vizazi vingi. Baada ya kazi ya uchifu akawa sekretari wa halmashauri ya wilaya nzima. Msomaji aone jambo moja katika habari zake: mtu yule yule aliyekaa katika baraza na kuamua kesi za mashamba ndiye aliyeketi usiku kuandika yale aliyoyasikia kwa wazee. Watu wengi wa siku zile walikuwa machifu, na wengi wao walisahauliwa mara walipozikwa. Yeye hakusahauliwa kwa sababu aliacha maandishi, na aliacha ofisi yenye utaratibu.

Wilaya yenyewe iligawanyika. Kabla ya uhuru Wagusii walipata wilaya yao, na makao ya South Nyanza yakawekwa Homa Bay. Katika miaka ya 1990 Migori nayo ikawa wilaya mbali. Halmashauri za wilaya zilikuwa zimeitwa kaunti tangu mwaka 1963, lakini tarehe 1 Januari, 1970, serikali kuu ilizinyang'anya halmashauri hizo kazi tatu kubwa, yaani shule za msingi, afya na barabara, na pamoja na kazi hizo sehemu kubwa ya mapato. Tangu hapo karani wa halmashauri alibaki akisimamia masoko, machinjio na leseni, na mara nyingi alikosa hata fedha za mishahara. Mtu ataka kujua uvumilivu katika utumishi ni nini, na awaulize wale waliokuwa makarani wa halmashauri katika miaka ya 1980. Mwaka 2013, halmashauri zote 175 za Kenya zilikoma na kaunti 47 zikachukua nafasi yake. Wafanya kazi wake wengi walihamishiwa katika kaunti mpya, wakaanza upya chini ya wakubwa wapya, na wengine walikuwa bado wanadai michango yao ya pensheni ambayo halmashauri za zamani hazikuilipa.

Hilo la pensheni si jambo la pembeni katika habari ya heshima. Nishani kifuani ni kitu kizuri, lakini mzee aliyetumika miaka thelathini akaipata nishani na asipate pensheni yake ataiona kuwa ni chuma tu. Kaunti itakayo kuwaheshimu watumishi wake wa siku nyingi na ianze kwa kuwalipa.

NISHANI ZA SERIKALI YA ZAMANI

Serikali ya kikoloni ilipenda nishani. Mwaka 1917 Mfalme George V aliweka Nishani ya Dola ya Kiingereza yenye madaraja yake mengi, na mwaka 1920 ikawekwa medali ya Mfalme kwa ajili ya machifu wa Afrika, ya fedha tupu au ya fedha iliyopakwa dhahabu. Mtu aliyepewa alivikwa mbele ya baraza. Watu waliitwa kutoka mbali, sifa zake zikasomwa na kutafsiriwa, na ngoma zikachezwa hadi jioni.

Sherehe zile zilikuwa na mafunzo mawili, moja jema na moja baya. Jema ni kwamba heshima ilitolewa mbele ya watu waliomjua mtu huyo, si katika chumba kilichofungwa mlango. Kama sifa zilizosomwa zilikuwa za uongo, watu waliguna, na mguno wa watu elfu moja husikika. Baya ni kwamba aliyepima kazi ya chifu hakuwa yule aliyetumikiwa. Chifu aliweza kusifiwa kwa sababu kodi ya nyumba ilikusanywa yote na vijana wa kazi walipatikana kwa wakati, hali nyumba zenyewe zilikuwa zikilia. Nishani ilipima utii kwa waliokuwa juu. Kwa hiyo baada ya uhuru watu wengi walizitilia shaka nishani zote kwa jumla, na shaka hiyo bado haijaisha. Hata leo orodha ya heshima za taifa inapotangazwa, neno la kwanza la wengi huwa ni kuuliza huyu ni ndugu wa nani.

MENEJA WA MJI KATIKA NCHI NYINGINE

Kazi ya meneja wa mji, yaani mtu wa kuajiriwa kwa ujuzi wake na kuwa chini ya baraza lililochaguliwa, ilianza Marekani. Mji mdogo wa Staunton, katika jimbo la Virginia, ulimwajiri Charles Ashburner kuwa meneja wake mkuu mwaka 1908, kwa sababu barabara zake zilikuwa mbovu na hakuna aliyejua fedha zinakwenda wapi. Mwaka 1913 mafuriko makubwa yaliuharibu mji wa Dayton, katika jimbo la Ohio, na watu wengi wakafa. Wananchi wa Dayton waliona kwamba maneno ya siasa hayajengi ukingo wa mto, na mwaka 1914 wakaweka meneja. Mwaka huo huo mameneja wakaunda chama chao, ambacho leo ni cha kimataifa, na mwaka 1924 chama kikaandika kanuni za maadili. Mojawapo ya kanuni zake ni kwamba meneja asijiingize katika siasa za uchaguzi wa wale wanaomwajiri.

Chama hicho huwatunza wanachama wake kwa njia mbili, na kuzitenganisha huko ni busara. Iko heshima ya miaka: mtu akitimiza miaka kumi, ishirini, thelathini au zaidi katika kazi ya miji, hupewa cheti cha utumishi. Na iko heshima ya pili ya utumishi uliotukuka, ambayo haipatikani kwa kuhesabu miaka. Mtu aweza kukaa katika ofisi miaka arobaini akipiga mihuri, na miaka hiyo ni yake, apewe cheti chake. Lakini yule aliyeukuta mji hauna maji na akauacha una maji ni mtu wa namna nyingine.

Karibu na hapa iko habari ya Tanzania, nayo yaonyesha thamani ya watumishi hawa kwa njia ya kinyume. Mwaka 1972 serikali ya nchi ile ilizivunja halmashauri za wilaya, na zile za miji zikafuata, kazi zao zikapewa maofisa wa serikali kuu mikoani. Nia ilikuwa njema, yaani kuyapeleka maendeleo kwa wananchi upesi. Lakini mijini hapakuwa tena na mtu ambaye kazi yake ni mtaro, choo cha soko na jaa la taka peke yake. Huduma zilizorota na kipindupindu kikazuka. Halmashauri za miji zikarudishwa mwaka 1978, na sheria za mwaka 1982 zikazirudisha zile za wilaya, zikaanza kazi mwaka 1984. Mtumishi wa mji ni kama kiungo cha mwili ambacho mtu hakikumbuki mpaka kiume.

SHERIA YA SASA YA KENYA

Katiba, katika kifungu cha 132, yampa Rais uwezo wa kutoa heshima kwa jina la wananchi na la Jamhuri. Maneno hayo, kwa jina la wananchi, hayakuwekwa kama pambo. Sheria ya Heshima za Taifa ya mwaka 2013 yaeleza ni nani astahiliye: mtu aliyeonyesha ushujaa, kujitoa, uzalendo au uongozi kwa manufaa ya nchi au ya kaunti, au aliyetoa mchango wa kuigwa katika uchumi, elimu, sayansi, michezo, usalama na mambo mengine. Miongoni mwa mambo hayo sheria imetaja waziwazi uongozi wa shughuli za umma. Na imetaja kaunti, si nchi nzima peke yake. Basi msimamizi wa wadi asiyejulikana nje ya Suna Magharibi hakufungiwa mlango.

Iko Kamati ya Ushauri ya Heshima za Taifa ambayo huchunguza majina na kumshauri Rais. Madaraja ya heshima ni mengi. Juu kabisa ni Nishani ya Moyo wa Dhahabu, kisha Nishani ya Mkuki Uwakao, zote zikiwa na ngazi za Chifu, Mzee na Morani. Ziko nyingine ambazo watumishi wa mikoani huzipata mara nyingi zaidi, kama ile ya Shujaa Mkuu, ambayo watu huijua kwa herufi zake O.G.W., na ile ya Sifa ya Mkuu wa Nchi, ijulikanayo kwa herufi H.S.C. Kwa desturi majina hutangazwa karibu na Sikukuu ya Jamhuri, tarehe 12 Desemba. Mwenye heshima huruhusiwa kuandika herufi hizo baada ya jina lake, na wengi huziandika hata katika bango la mazishi.

JUU YA ZAWADI

Hapa pana jambo ambalo watu wema hukosea bila kujua. Desturi ya nchi ni kumshukuru mtu kwa mkono. Jaduong' aliyesaidia kijiji hupelekewa dume la ng'ombe au mbuzi, na kulikataa ni kuwatukana waletao. Lakini msimamizi wa soko si jaduong' wa ukoo. Sheria ya Maadili ya Watumishi wa Umma ya mwaka 2003, iliyotumika hadi mwaka 2025, ilimkataza mtumishi kupokea zawadi kutoka kwa mtu ambaye mambo yake yaliweza kuathiriwa na kazi ya mtumishi huyo, au ambaye alikuwa na mkataba na ofisi yake. Wafanya biashara wa soko wote walikuwamo katika maneno hayo, kwa kuwa yeye ndiye agawaye vibanda. Kuhusu maofisa wakuu wa Dola, Katiba katika kifungu cha 76 yasema kwamba zawadi anayopewa ofisa hadharani au katika shughuli ya kazi ni zawadi kwa Jamhuri, na lazima ikabidhiwe Serikali isipokuwa sheria imeruhusu vinginevyo.

Kwa hiyo wenye soko wakimchangia msimamizi wao ng'ombe ili kumheshimu, huenda wakamtia matatani mtu waliyekusudia kumtukuza. Na kama yeye ni mwaminifu atalikataa dume lile, na wao watamwona ana kiburi. Mambo kama haya yametokea kwingi na kuacha uchungu pande zote mbili. Barua nzuri haina bei, na hakuna sheria inayoikataza.

BARUA YENYEWE

Tuseme wenye vibanda wa Masara wanamjua mtumishi aliyewatumikia miaka mingi vizuri, naye akaribia kustaafu. Wanakutana na kukubaliana jina lake lipelekwe. Mara nyingi barua iandikwayo katika mkutano wa namna hiyo husema kwamba mtu huyo ni mwema sana, mcha Mungu, mwenye kupenda watu na maendeleo, na kwamba wananchi wote wanamwunga mkono. Barua hiyo itafika, itasomwa, nayo haitafanya lo lote. Kamati hupokea nyingi zinazofanana nayo kama mapacha, na hakuna neno ndani yake ambalo mtu wa mbali aweza kulithibitisha.

Barua yenye nguvu hutaja vitu. Yataja mwaka ambao mtumishi alianza kazi, vyeo alivyoshika na mahali. Yasema alipofika soko halikuwa na choo, kikajengwa mwaka fulani, na bado kinafanya kazi. Yasema ushuru ulikuwa ukikusanywa bila risiti, naye akaanzisha risiti, na mapato yakapanda kutoka kiasi hiki hadi kiasi kile. Kama kulikuwa na ugomvi juu ya mahali pa wauza samaki na wauza nafaka, yasema ulivyokwisha. Kama mtu alitaka kumhonga na akakataa, na wako walioshuhudia, hilo nalo laweza kutajwa, ingawa kwa uangalifu, bila kumchafua mtu kwa jina. Kila jambo liwe na tarehe, na mwisho wa barua pawe na majina ya mashahidi wasio jamaa zake.

Uko ushahidi mwingine ambao wananchi husahau kwamba ni mali yao. Kila mwaka Mkaguzi Mkuu wa Hesabu huchunguza hesabu za kaunti na kutoa ripoti kwa umma. Ripoti hiyo husema wazi kama vitabu vilikuwa safi, au kama vilikuwa na kasoro na zipi. Kumwombea heshima meneja wa mji au katibu wa kaunti bila kusoma kwanza yale yaliyosemwa juu ya hesabu za ofisi yake ni sawa na kumsifu fundi wa paa wakati wa kiangazi. Kumbukumbu za mikutano ya bodi na ya bunge la kaunti nazo ni za umma, na mwananchi ana haki ya kuomba habari kwa Katiba, kifungu cha 35, na kwa Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016.

Wengine watasema kwamba kazi yote hii ni ya kamati, si ya muuza nyanya. Lakini kamati haikai Masara. Haikuona maji ya mvua yakipita katika vibanda miaka ile, wala haikuona yalipokoma kupita. Muuza nyanya aliona, na pengine anakumbuka hata jina la fundi aliyeuchimba mtaro na siku aliyouanza. Kama hajui kuandika, mwanawe ajua. Na kama akumbuka pia jambo baya, mathalani kwamba vibanda vya upande wa barabara viligawiwa kwa upendeleo, na aseme katika mkutano kabla barua haijatiwa sahihi, maana ni afadhali shaka itokee hapo kuliko itokee baada ya jina kutangazwa kwa taifa zima.

Barua ikiwa tayari, njia iliyo rahisi kwa mtu wa kijijini ni kuanzia kwa chifu na kwenye ofisi ya naibu kamishna wa kaunti, ambako hujulikana ni lini majina yanaitishwa na fomu ipi yatakiwa. Haidhuru kwamba mtumishi anayeombewa ni wa kaunti na ofisi hiyo ni ya taifa, kwa kuwa heshima ni ya Jamhuri nzima. Nakala moja ipelekwe kwa bodi ya utumishi wa umma ya kaunti, iwekwe katika jalada lake. Nakala nyingine wabaki nayo wenyewe, pamoja na tarehe iliyopokelewa na jina la karani aliyeipokea.

Huenda jina lisichaguliwe mwaka huo, na huenda lisichaguliwe kabisa. Barua haipotei kwa ajili hiyo. Siku mtumishi atakapokabidhi funguo za ofisi, nakala ile yaweza kusomwa mbele ya watu wa soko kwa sauti, kwa Kiswahili na kwa Kijaluo, na mwisho wa kusomwa apewe aende nayo nyumbani.